Kamera Uliyoiweza kwa Mkono Mmoja

Mize, shoga yangu,

Mwezi wa tano huu tangu uondoke, na mimi ndiyo kwanza nashika kalamu. Karatasi mbili nimeshazichana. Si kwamba sina la kukwambia. Ninalo moja, na hilo moja ndilo lililonikalia kifuani.

Nikupe habari kwanza. Chumba chetu cha kazi hapa Kikwajuni kipo. Godoro ulilokuwa ukilala siku za hospitali nimelitoa, maana nilikuwa nikiingia asubuhi nikiliona nakaa chini, na nikishakaa sinyanyuki. Kanga zako amekuja kuzichukua mama yako. Bi Time, yule mliyekuwa mkikaa naye viti vya karibu mkisafishwa damu kwa mashine, naye hayupo tena. Hakumaliza hata mwezi baada yako. Nilikwenda msibani kwao, wanawe wakaniuliza mimi ni nani.

Kazi ipo nyingi. Kila wiki kuna harusi, na bado wanatutaka sisi, yaani mimi, kwa sababu wanajua wakivua mabuibui yao mbele ya kamera yangu picha haitoki ikaenda kutazamwa na wanaume. Picha zinatoka nzuri, Mize. Nzuri sana. Bi harusi anang'ara, hina inaonekana mstari kwa mstari, hata kwenye ukumbi wenye taa mbovu. Watu wananiambia, "Kamera hii mlichagua vizuri." Na mimi nawajibu, "Tulichagua pamoja na marehemu."

Nawajibu hivyo kila mara. Hilo ndilo lililonifanya nikuandikie.

Nataka niiseme siku ile kama ilivyokuwa, maana kwa watu nimeisimulia vyengine.

Kamera yetu ya zamani ilitufia Mwanakwerekwe, bi harusi katikati ya ukumbi, mashangazi wanapiga vigelegele. Ikalia mara mbili ikanyamaza. Nikamalizia kwa simu, na aibu ile unaijua. Wiki ileile tukaenda wote wawili dukani Darajani. Ulikuwa umetoka kusafishwa damu jana yake. Tulipita vichochoroni pole pole, unashika kuta kwa mkono wa kulia, na wa kushoto, ule waliokuunganisha mishipa, umeufunika kwa mtandio kama mtu aliyeficha kitu. Nilikwambia ubaki nyumbani. Ukasema, "Kamera ni yangu na mimi, Saada. Nitakwenda."

Uwezo wetu ulikuwa wa kamera moja. Muuzaji akaziweka mbili juu ya kioo. Moja kubwa, nyeusi, ya kubadilisha lenzi, na lenzi yake moja iliyokuja nayo ndani ya boksi. Ya pili ndogo, kama boksi la sabuni, lenzi yake haitoki, lakini ukibonyeza inajivuta mbele kama shingo ya kobe. Alikuwa mtu mkweli yule. Alisema, "Hii kubwa ukumbini haina mshindani. Mwanga mdogo inauweza. Lakini kwa lenzi hii haivuti mbali, na lenzi ya kuvuta inauzwa peke yake, nzito kuliko kamera yenyewe. Hii ndogo gizani picha yake inakuja na chenga. Lakini mchana, mama, kunguru aliye juu ya mnara utamhesabu manyoya."

Ukaichukua ile ndogo. Mkono wa kulia peke yake. Ukatoka nayo mpaka mlangoni, ukaielekeza mwisho wa barabara, ukavuta, ukacheka. Tangu Ramadhani sikuwa nimekusikia ukicheka. Ukasema, "Saada, namwona yule bibi anayemenya vitunguu. Naiona mpaka pete yake!" Kisha ukanigeukia. "Hii naiweza kwa mkono mmoja. Nikikaa barazani kwetu Bwejuu nitampiga mama kule kule kwenye mwani, na hatojua."

Ulitaka hivyo tangu skuli. Picha zote za mama yako zimesimama kama mlingoti, kanga imenyooshwa, uso wa kitambulisho. Akiona kamera tu anaacha alichokuwa akifanya. Wewe ulimtaka anavyoinama majini, anavyofunga kamba kwa meno, anavyojisemea peke yake huko mbali. Na kutembea mpaka huko, juu ya mawe yale maji yakitoka, ulikuwa huwezi tena.

Nilijua yote hayo. Kisha nikasema, "Ile ni kamera ya watalii, Mize."

Ukasema, "Hata harusi za mchana tutapigia."

Nikasema, "Harusi napiga mimi sasa. Wewe hupigi."

Nililisema mbele ya mtu. Yule muuzaji akachukua kitambaa akaanza kufuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Wewe ukairudisha kamera taratibu, ukaigeuza mpaka ikakaa kama alivyoiweka yeye. Ukasema, "Haya. Chukua hiyo ya kazi." Na mimi, ili nijifanye nimekuliwaza, nikakwambia, "Ukipona utaishika hii." Tulikuwa tumekaa pamoja mbele ya daktari, mimi na wewe, na sote tulisikia alichosema. Ukipona!

Kwa kazi sikukosea. Hilo ndilo linalonitesa zaidi. Ningekuwa nimekosea ningesema nilikuwa mjinga, yakaisha.

Ijumaa ile nilikupeleka kwenu, nikaibeba kamera mpya makusudi, nikajiambia nakufurahisha. Maji yalikuwa yametoka, mama yako yuko mbali kwenye mwani wake. Nikakutandikia mkeka barazani, nikakuvisha mkanda wa kamera shingoni, nikaingia ndani kupika. Kwenye dirisha la jiko nilikuona. Mkono wa kushoto uliuweka chini ya lenzi, ukaanza kutetemeka, ukauondoa. Ukauweka tena. Mwisho ukavuta mto, ukaiegemeza kamera juu ya mto, ukalala kifudifudi kama mtoto anayechungulia shimo la kaa. Nilisikia inabonyezwa, inabonyezwa. Sikutoka kukusaidia. Nilijiambia wali utaungua.

Nilipotoka ukaniambia, "Nimempata." Nikaangalia. Maji, mbingu, na katikati doa jeusi. Nikasema, "Mashaallah." Ukanitazama, Mize. Ulinitazama muda mrefu, kisha ukaizima kamera mwenyewe.

Mama yako akarudi, nguo zimerowa mpaka kifuani, gunia la mwani kichwani, na wewe ukamwambia kwa sauti ya furaha kabisa, "Mama, leo nimekupiga picha nyingi! Saada atakuletea." Akasema, "Mie na nguo hizi? Mtoto huyu ana wazimu." Akaenda kujimwagia maji huku anacheka.

Mkono ukakuvimba jioni ile. Hukuigusa tena kamera.

Na bado nilikuwa na nafasi. Harusi zilikuja, mkono wangu ukafunguka kidogo, ile ndogo ningeweza kuirudia. Nilirudi duka lile lile, nikaikuta, bado ipo. Nikanunua taa ya kamera. Nilipokuonyesha ukasema, "Nzuri. Itakusaidia."

Siku uliyoondoka nilikuwa kwenye singo, nampiga picha bi harusi anasuguliwa liwa ya kunukia mwilini. Simu iko ndani ya mkoba, nimeizima sauti. Nilipoishika nikakuta mama yako amepiga mara tisa. Nilifika Bwejuu jeneza limeshatoka. Wanawake wamekaa chini wamejaa mpaka uani, na mimi nasimama mlangoni na kamera begani, mikono inanuka liwa. Kuna aliyesema kwa sauti ya chini, "Huyu amekuja kupiga picha?" Jirani yenu mmoja akanivua kamera akaificha nyuma ya mlango. Uso wako sikuuona. Sikuuona, shoga yangu.

Arubaini ilipopita mama yako akanipigia. "Mwanangu, zile picha alizonipiga mwenzio. Aliniambia utaniletea."

Nilimwambia nazitengeneza. Nikamwambia kompyuta imeharibika. Nikamwambia kazi zimenizidi. Miezi miwili nilimzungusha bibi wa watu. Usiniulize kwa nini. Nilikaa na picha zile arubaini na kitu, nikazikuza moja moja. Ukizikuza kidogo doa linakuwa doa kubwa. Ukizikuza zaidi linakuwa vipande vya mraba, kijivu na kahawia, si mtu wala mti. Nilipata picha moja tu ambayo, kwa anayejua, unaona mtu ameinama.

Hiyo ndiyo niliyoichapisha nikampelekea.

Nikampa shikamoo, akaitika, "Marahaba mwanangu." Akafuta mikono, akaichukua picha kwa pembe, akaenda nayo kwenye mwanga. Akaigeuza. Akaniuliza, "Mie yupi hapa?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akaisogeza karibu na macho, akaiweka mbali. Nikaanza kusema maneno mengi, Mize. Nikamwambia kamera ninayo hapa, nzuri sana, twende sasa hivi pwani nitaingia majini mwenyewe nikupige kwa karibu, zitoke kama za gazeti. Akanikatiza. "Mie picha yangu naifanyia nini? Nlitaka kuona alivokuwa akinitazama."

Hapo nikamwambia.

Nilimwambia yote, tangu dukani. Kwamba kulikuwa na kamera nyengine, ndogo, uliyoiweza kwa mkono mmoja, na ingemleta mpaka vidole vyake vionekane. Kwamba uliitaka kwa ajili yake. Kwamba niliikataa mimi, na maneno niliyokwambia nikayarudia kama yalivyo, harusi napiga mimi, wewe hupigi. Na kwamba baadaye niliweza kuinunua nikanunua taa.

Alinisikiliza mpaka mwisho, hakulia. Nilikuwa nataka alie, au anitukane, au aseme ni mipango ya Mungu kama walivyosema wote msibani. Aliilaza picha mapajani. Mwisho akauliza, "Alikuwa na uchungu mkononi siku ile, alipokuwa akinipiga?"

Nikasema, "Ndiyo."

"Na wewe ulikuwapo."

"Nilikuwa jikoni, mama. Nilimwona."

Akaitikia kwa kichwa mara moja. Akasema, "Nshakusikia. Nenda, Saada."

Miaka yote hii hakupata kuniita kwa jina. Nilivaa viatu mlangoni nikavikosea, cha kulia kushoto, nikatembea navyo hivyo hivyo mpaka barabarani.

Hizi ni wiki tatu, hajanipigia. Sijampigia mimi pia, si kwa jeuri, ila nahisi simu yangu itakuwa kama nadai kusamehewa. Nilisikia kwa jirani yenu kwamba anakwenda kwenye mwani kama kawaida. Picha hajaichana. Ameiweka ndani ya msahafu wako. Sijui maana yake, na sitaki kujipa moyo kwa kujidanganya.

Wewe sikuombi unisamehe, Mize. Ulikuwa mwepesi wa kusamehe, na nikikuomba nitajijibu mwenyewe kwa sauti yako, kisha nitapoa, na sitaki kupoa upesi.

Nakuahidi haya. Mtu akinisifia kamera, nitamwambia nilichagua mimi, na mwenzangu alitaka nyengine. Nimeshaanza. Juzi nilimwambia mama wa bi harusi mmoja, akanitazama kama nimemharibia shughuli. Na mama yako akiniita, saa yoyote, hata niwe ukumbini bi harusi ndiyo kwanza anaingia, nitaweka kamera chini na kwenda. Asiponiita, nitamfahamu.

Haya, mwenzangu. Mungu akupe raha ambayo sisi tulishindwa kukupa.

Wako, Saada