Usingizi wa Dakika Nne

Lusail, Qatar, 3 Juni 2025

Dada Hannah,

Je, goti limekubali kupanda ngazi za kanisa? Mimi mzima, ila tumbo hufika langoni kabla yangu.

Nimesimamishwa kazi. Eugene, msimamizi wetu, aliteremsha chuma cha lango juu ya gari la mpangaji nilipokuwa msalani, kisha akasema ni mimi. Kamera ilikuwa mbovu. Meneja ataamua. Hapa mlinzi hufutwa kabla chai haijapoa, na kazi ikienda, kitanda na kitambulisho huifuata.

Ukweli uko kwenye kitabu cha matukio: “Saa saba na nusu: naenda msalani, Eugene ameshika lango.” Lakini unajua nilivyo, huandika kila kitu. Juu yake kidogo nimeandika: “Saa saba na dakika kumi: nimesinzia dakika nne. Hakuna aliyeingia, nadhani.” Kulala zamu pia ni kufutwa! Kitabu bado kiko langoni, meneja anakichukua kesho jioni. Niung’oe huo ukurasa?

Mdogo wako,
Dominiko

Butere, 4 Juni

Mdogo wangu,

Goti linalalamika, kanisani naenda. Wewe! Darasa la tano ulijiandikia barua ya ruhusa kwa jina la Baba: “Mwanangu haumwi, anaogopa hesabu.” Uongo utauwezea wapi leo? Acha ukurasa ulivyo. Ukirudi, mihogo ipo.

Dada yako

Butere, 15 Juni

Dominiko,

Salamu tu. Siku kumi na moja, ujumbe wangu una alama moja tu, haujakufikia. Watoto wako nimewaambia una kazi nyingi. Chumba cha nyuma nimeshakifagia.

Dada

Lusail, 17 Juni

Dada yangu,

Salamu kwanza, matusi baadaye. Simu niliizima, ungesikia sauti yangu ungejua naogopa.

Ukurasa sikuung’oa. Jana meneja, Bi Hadijah, alisoma kitabu kwa sauti mbele yetu. Akafika kwenye dakika zangu nne.

“Dominiko, hii ‘nadhani’ ni ya nini?”

“Madam, nilikuwa nimelala. Ningejuaje?”

Ofisi ilicheka, hata mwenye gari. Kisha akamgeukia Eugene: “Mtu anayejichongea hivi kwa dakika nne, atanidanganya kuhusu chuma?”

Eugene akatazama viatu vyake, akasema mkono uliteleza. Kahamishiwa lango jingine, huko Muaither. Mimi nimepewa barua ya onyo kwa kusinzia. Nimeitia sahihi kwa furaha. Sijawahi kupenda karatasi hivyo.

Chumba cha nyuma weka mahindi. Leo nimefungua ukurasa mpya: “Saa kumi na mbili asubuhi: mlinzi amerudi langoni. Hali shwari. Yuko macho.”

Mdogo wako