Daraja la Kwanza Lililokuwa la Mwisho

Mpendwa Shangazi Odile,

Naomba unisaidie kama unavyowasaidia wengine gazetini, na unisamehe mwandiko, maana naandika ndani ya pikapu yangu nje ya ghala la viazi wakati wenzangu wanakula. Nyumbani siwezi kuandika haya kwa sababu mke wangu Marlene hajui nusu yake, na binti yetu Elodie, ambaye yote haya yamemwangukia yeye, hajui kabisa kwamba mkosaji ni mimi.

Vuli ya mwaka juzi, Elodie akiwa ndiyo kwanza ameingia darasa la nne, ilikuja karatasi ya matokeo ya ule mtihani wa jimbo waliofanya kabla ya kufunga darasa la tatu. Ilikuwa imejaa visanduku na mishale na maneno ya kiofisi, sikuyasoma yote, macho yangu yalikwenda moja kwa moja palipoandikwa Kusoma, Daraja la 1, na Shangazi, mimi nachambua viazi kwenye mkanda wa mashine mwaka wa ishirini na mbili sasa, kwetu Namba Moja ndicho kiazi safi kinachokwenda dukani, Namba Mbili ni vile vilivyopinda, na vinavyobaki ni vya kiwanda cha wanga au vya ng'ombe, kwa hiyo nilipoona Moja nilipiga kelele mpaka mbwa akaanza kubweka. Nikaibandika karatasi kwenye friji, nikampigia mama yangu simu hapo hapo, nikamwambia mjukuu wako ni Daraja la Kwanza, naye akaanza kuwapigia dada zake mpaka ng'ambo ya mto, upande wa Kanada.

Marlene aliporudi kazini, yeye anahudumia wazee kwenye kituo cha kule karibu na daraja la mto, aliitazama ile karatasi akiwa bado amevaa koti.

"Rosaire, mbona hiki kisanduku ni chekundu?"

"Wameweka rangi ipendeze. Na wewe usitafute kasoro kila mahali."

Jioni ile niliwapeleka mgahawani, nikaagiza sahani kubwa ya chipsi zenye jibini na mchuzi, ile anayoipenda Elodie, na namkumbuka alivyokuwa anakula, alikuwa anachukua chipsi moja moja na kuitazama, nikamuuliza, "Mama, huna furaha?" akasema, "Ninayo, Baba."

Wiki mbili baadaye ikaja barua nyingine, Marlene akiwa zamu, nikaifungua mimi. Ilikuwa ya Bi Plourde, mwalimu wa kusoma, inasema Elodie amepewa nafasi kwenye kundi dogo la kusoma, watoto wanne kila siku kwa nusu saa, na kwamba kundi hilo linalipiwa na fedha za serikali kuu zinazopelekwa shule zenye familia nyingi za kipato kidogo, na kwamba kama mzazi hakubali atie saini pale chini. Maneno yale ya kipato kidogo yalinichoma, nikaenda nayo ghalani nikamwonyesha shemeji yangu Lucien, akaicheka.

"Shemeji, hizi ni hela za Washington za watoto wa maskini," akasema. "Na kama mtoto ni Moja, wanamtakia nini? Wanataka jina lake wajaze orodha wapate hela zaidi."

Nikaona kweli. Nikaandika pale chini kwa kalamu ya wino mzito, HAPANA, na chini yake nikaandika, Binti yangu ni Daraja la Kwanza, nafasi hii mpeni mtoto anayeihitaji, nikatia kwenye bahasha, nikaifunga, nikaiweka kwenye begi la Elodie aipeleke mwenyewe. Shangazi, aliibeba yeye mwenyewe.

Bi Plourde alinipigia simu mara mbili. Mara ya kwanza sikupokea. Mara ya pili akasema, "Bwana Dubay, nadhani ile karatasi ya matokeo haikueleweka vizuri, ningependa tukae tuiangalie pamoja."

Nikamwambia, "Nimechambua viazi tangu wewe hujaja hapa, najua Namba Moja ni nini."

Akasema, "Naweza kuja nyumbani, saa yoyote inayokufaa."

"Msimu wa kuwinda umeanza," nikamjibu, "sipatikani nyumbani."

Kulikuwa na mkutano wa wazazi pia, wa kueleza habari za mitihani na hizo fedha, nao sikwenda, nilikuwa msituni namfuata paa ambaye wala sikumpata. Na ilipofika mtihani wa mwaka uliofuata nikaandika barua kwamba wangu asifanye, kwa sababu Lucien alisema mitihani inawaumiza watoto bure na mimi nikaona Elodie ameshathibitisha. Kwa hiyo haikuja karatasi nyingine ya kunisahihisha. Marlene alipokwenda kumwona mwalimu wa darasa, aliambiwa Elodie ni mtoto mtulivu, hana matatizo, tukaridhika.

Mwezi wa pili mwaka huu mama yangu alitimiza miaka themanini, tukafanya sherehe kwenye ukumbi wa parokia, watu kama sitini, kuku wa supu na ployes, zile chapati zetu nyembamba, za siagi zimejaa meza nzima. Kaka yangu Gilbert, anayeishi Connecticut, hakuweza kuja, akatuma barua isomwe mbele ya watu. Mimi, bila kumuuliza mtu, nikasimama nikasema Elodie ataisoma, huyu ndiye Daraja la Kwanza wetu. Akaja mbele. Akasoma "Mama mpendwa", kisha akasoma neno lililofuata, kisha akasema neno ambalo halikuwemo, halafu akakwama. Nikadhani ni aibu ya watu, nikamwambia, "Endelea, mwanangu." Hakuendelea. Shangazi zake wote walikuwa wanamtazama. Marlene ndiye aliyeinuka, akamwekea mkono begani, akaichukua ile barua na kuisoma mpaka mwisho kana kwamba ndivyo walivyokuwa wamepanga.

Ndani ya gari, wakati Marlene anamsaidia mama yangu na vyombo, tukawa wawili tu. Nikamuuliza nini kimetokea. Akasema akitazama dirishani, "Baba, Moja ndiyo ya chini. Ya juu ni Nne."

"Nani kakwambia?"

"Mwalimu alitueleza darasani, siku ile ile walipotupa karatasi."

"Mbona hukuniambia?"

Akasema, "Ulikuwa umeshampigia Bibi."

Halafu akaniuliza jambo ambalo ndilo linanifanya nikuandikie. "Baba, kwa nini Bi Plourde alimchukua Cecile wa darasani kwetu akaniacha mimi? Mimi nilikuwa chini kuliko Cecile. Au ni kwa sababu mimi siwezi kufundishika?"

Na mimi, Shangazi, nikamwambia, "Sijui, mama."

Jumatatu nilikwenda shule. Bi Plourde hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alifungua faili, nikaiona ile karatasi yenye maandishi yangu meusi. Alisema nafasi ile alipewa mtoto mwingine kama nilivyoandika. Kundi lake linaishia darasa la nne, na Elodie sasa yuko la tano, na yeye mwenyewe anastaafu mwezi wa sita. Alisema bado kuna mambo yanayoweza kufanyika, apimwe kujua tatizo hasa ni nini, na kuna masomo ya kiangazi, lakini alisema pia, "Ule mwaka ndio ungekuwa mwepesi zaidi kwake." Elodie mwenyewe hataki kupimwa, anasema wenzake watamcheka.

Nina dada yangu mji wa pili, nafikiria nimhamishie Elodie shule ya kule, ambako hakuna aliyekuwepo ukumbini siku ile. Na nafikiria nisimwambie kuhusu lile HAPANA, maana ananiamini, na sijui atanitazamaje. Marlene naye sijui. Nifanye nini? Ukiichapisha barua hii naomba ubadilishe majina.

Rosaire

*

Rosaire,

Majina nimeyabadilisha yote. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu kabla gazeti hili halijanipa ukurasa nilikuwa karani wa shule miaka kumi na tisa. Karatasi za namna ile nilizikunja mimi, nikazitia kwenye bahasha mimi, mamia kila vuli, na sikuwahi kuandika pembeni hata mstari mmoja kwamba Moja ndiyo ya chini. Niliona si kazi yangu. Kwa hiyo sitakucheka kwa kuisoma vibaya. Karatasi ile imeandikwa na watu wa ofisini kwa ajili ya watu wa ofisini.

Lakini kutoelewa ni jambo moja, na kukataa kueleweshwa ni jambo jingine. Mwanamke yule alikupigia mara mbili. Alijitolea kuja mpaka kwako. Mkeo alikuuliza kuhusu kisanduku chekundu, ukamwambia asitafute kasoro. Hapo huna wa kumsingizia, wala Lucien.

Sasa nisikilize, na Lucien msomee. Kila jimbo limeandika mambo ambayo mtoto wa kila darasa anatakiwa awe anayajua. Mtihani unaangalia mtoto yuko umbali gani na mambo hayo, basi. Moja maana yake ni kwamba yuko mbali na anahitaji msaada wa haraka, Tatu maana yake amefika, Nne amepita. Mtihani haukusema binti yako ni mtoto wa namna gani. Na zile fedha za Washington huja shuleni kwa hesabu ya familia zenye kipato kidogo katika eneo, lakini zikishafika, kwenye makundi kama lile la Bi Plourde anayekaa kitini ni mtoto aliyebaki nyuma katika masomo, awe wa mwenye pikapu mpya au wa asiye na gari. Hakuna aliyekuita maskini. Jina la Elodie lisingewaongezea hata senti. Bi Plourde alikuwa na viti vinne na alitaka mwanao akalie kimoja.

Unaniuliza kama umwambie. Rosaire, mtoto wa darasa la tano amekuuliza kama hafundishiki, na wewe ulikuwa na jibu mfukoni ukasema hujui. Kila siku unayonyamaza anajijibu mwenyewe, na jibu analojipa ni baya kuliko ukweli. Unaogopa atakutazamaje. Mimi naogopa anavyojitazama.

Anza na Marlene, leo akirudi kazini, kabla hajavua koti. Atakasirika, na ana haki. Usimwambie ulikuwa na nia njema, hilo analijua na halitamsaidia. Kesho yake mwambieni Elodie mkiwa wote wawili. Mwambie hivi, kwa maneno machache: Bi Plourde alikutaka, alikuandikia nafasi, mimi ndiye niliyekataa kwa sababu sikuelewa karatasi na sikutaka kuuliza. Mwambie na ile bahasha ilikuwa na nini. Kisha nyamaza. Usilie mbele yake ikawa yeye ndiye wa kukubembeleza. Tayari alishakubembeleza mara moja, pale mgahawani. Akinyamaza siku tatu, mwache anyamaze. Huenda ikawa zaidi ya siku tatu, nami sitakuahidi vinginevyo.

Usimhamishe. Ukimpeleka mji wa pili utamfundisha kwamba alichofanya pale ukumbini ni cha kukimbiwa, na atafika shule mpya akiwa na tatizo lile lile na bila mtu anayemfahamu. Abaki. Andika barua kwa mkuu wa shule, kwa maandishi, si kwa simu, useme unaomba Elodie apimwe kama ana tatizo la kusoma, weka tarehe, baki na nakala. Ombi la maandishi la mzazi shule haiwezi kuliacha tu mezani. Muulize Bi Plourde, kabla hajastaafu, akuandikie ukurasa mmoja wa alichokiona kwa Elodie, umpe mwalimu atakayempokea. Masomo ya kiangazi mwandikishe. Na mtihani wa mwaka huu mruhusu aufanye. Ukiuzuia tena utakuwa umejifunga macho kwa mikono yako.

Kuhusu kuchekwa: mwambie kwamba kupimwa hufanyika katika chumba cha peke yake na hakuna anayesomewa matokeo darasani. Na nyumbani kila siku, dakika ishirini, asome na wewe kitabu anachokitaka yeye, hata kiwe cha watoto wadogo. Akikwama, msubiri. Usimtajie neno upesi upesi. Wewe una haraka, nimeiona katika kila mstari wa barua yako.

Jambo la mwisho. Nimepiga simu shuleni kwenu kuuliza, sikutaja jina lako. Mkutano wa wazazi kuhusu mtihani ni Alhamisi wiki ijayo, saa kumi na mbili jioni, ukumbi wa chakula. Nenda na Marlene, kaeni viti vya mbele. Watakapotaja neno usilolijua, nyoosha mkono, simama useme hujaelewa, kwa sauti, mbele ya wote, na usiketi mpaka wakueleze. Utaona aibu. Ivumilie, Elodie ameibeba yako mwaka mmoja na nusu, na yeye ni mtoto.

Shangazi Odile