Gari Lililoshika Viti Vitatu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mwalimu Rula, kama anavyojulikana mtaani
Umri: Miaka 71
Kazi: Mwalimu mstaafu wa fizikia
Makazi: Nyumba ya kona, nyuma ya tangi la maji

Wengi wanaotafuta gari la familia hukosea jambo moja: wanahesabu viti. Wakiambiwa gari ni la watu saba, wanaridhika. Hawaulizi kama viti vya watoto vitashika. Naanzia hapo, afande, kwa sababu bila hilo hutaelewa nilikuwa natafuta nini ndani ya gari lililoibwa.

Binti yangu ni muuguzi wa chumba cha dharura, anaishi ng'ambo na wanawe watatu. Kwa anayoyaona kazini, hampakati mtoto garini hata kwa safari ya dukani; kila mmoja lazima afungwe kwenye kiti chake. Mwaka jana alighairi kuja kwa sababu hiyo. Wajukuu zangu nawajua kwenye simu tu. Mkubwa aliwahi kuniuliza, "Babu, una miguu?" kwa kuwa hajawahi kuiona. Wa mwisho hajawahi kunishika kidole. Juzi binti aliniambia, "Baba, ukipata gari linaloshika viti vyote vitatu, tunakuja. Na safari hii tunaweza kukaa." Sikuuliza kukaa mpaka lini. Niliogopa asije akanijibu.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, asubuhi, nilifika kwenye yadi ya magari iliyo jirani na karakana ya seremala, nikiwa na viti vitatu vya watoto. Muuzaji, kijana mchangamfu, alisema kwa kila gari nililoligusa, "Vinakaa hivyo, mzee wangu!" Nilimweleza kwamba kukaa na kushika ni mambo mawili. Hata paka hukaa juu ya boneti.

Katika gari la kwanza, kiti cha mtoto mchanga, ambacho hutazama nyuma, kilisukuma kiti cha dereva mpaka magoti yangu yakagusa usukani. La pili lilikuwa na nafasi saba, lakini kiti cha kati kilifunika vifungio vya mikanda ya jirani zake, mkono haukupenya. Muuzaji akasema, "Sasa mzee, unanunua gari au unaoa?"

Nikamjibu, "Ningekuwa naoa ningeharakisha."

La tatu, jeupe, lenye vioo vyeusi, lilikuwa na nafasi tatu za nyuma zenye upana sawa, kila moja na mkanda wake. Nilifunga viti vya pembeni. Muuzaji akafunga milango ili tuone kama itabana, akaacha ufunguo umechomekwa kando ya usukani, akaenda kumsikiliza mteja mwingine. Nilibaki nimepiga goti juu ya kiti cha kati, nikikigandamiza kwa uzito wangu huku nikivuta mkanda. Ndivyo inavyotakiwa. Kisha unakishika pale mkanda unapopita, unakitikisa. Kikisogea zaidi ya upana wa kidole gumba, hakijashika.

Afande amenikumbusha wizi. Naufikia.

Yapata saa nne mtu aliingia upande wa dereva, akawasha gari na kuondoka. Nilidhani ni muuzaji. Nikasema, "Kijana, ngoja, cha kati bado."

Akanitazama kwenye kioo. "Mama yangu! Mzee, umetoka wapi?"

"Nimo humu tangu asubuhi. Wewe ndiye umetoka wapi?"

Akasema, "Shikamoo." Nikaitikia marahaba, kwa mazoea. Hapo akakanyaga breki kwa nguvu zote mbele ya lango la seremala, akafungua mlango na kutimua mbio, akaacha ndala moja. Ni mtu wa miaka thelathini hivi, mwembamba, shati la njano, ana pengo la jino la juu. Nikimwona nitamtambua.

Breki ile ilinirusha katikati ya viti vya mbele; bega linauma hadi sasa. Nilipoinuka sikumtazama mwizi amekimbilia wapi. Niligeuka nyuma. Viti vyote vitatu vilikuwa palepale, hata cha kati ambacho sikuwa nimemaliza kukikaza. Sikushuka mara moja. Nilivitazama, nikampanga kila mmoja mahali pake: mkubwa dirishani, wa pili katikati, mchanga nyuma ya dereva.

Jioni nilimpigia binti yangu kumwambia kwamba gari limepatikana. Wanatua Ijumaa. Leo naambiwa gari ni kielelezo, litabaki hapa kituoni mpaka kesi iishe. Siingilii kazi ya sheria. Ila katika yadi ile hakuna jingine linaloshika, na naomba hilo nalo liandikwe.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo. Nimesomewa, nami nayakubali kuwa yangu.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya afisa: Yameandikwa nami, sajenti wa zamu, tarehe 15. Shahidi alikuwa na utulivu; alichora mchoro wa mkanda bila kuombwa, nimeuambatisha. Nimekwenda uani, nikavitikisa viti vyote vitatu. Havisogei.

Konstebo wa picha: lipige picha gari jeupe leo, chukua alama za vidole kwenye usukani, kisha lirudishe yadi kabla hawajafunga.