Ramani ya Nyumba ya Mwingi

Kitui Mjini,
16 Agosti 1995

Kwako dada Ndinda,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi ni mzima wa mwili, na natumaini wewe, watoto na mama mkwe hamjambo huko Tseikuru, na kwamba mifugo bado inapata maji.

Uliniuliza habari za kazi. Mwezi wa pili Bwana Kiilu alinunua kompyuta ya kuchora ramani za nyumba, na mchoraji wake akahamia Nairobi. Akaniambia kwa kuwa najua kupiga taipu, nijifunze na kuchora. Wewe wajua sikusomea ujenzi. Nilichora mlango mpana kuliko ukuta wake, na choo kisicho na pa kuingilia. Kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kiingereza kigumu, na Bwana Kiilu alinicheka mbele ya wateja. Nililia chooni mara nyingi.

Aliyenihurumia ni Rashid, msimamizi wa mafundi. Alinipeleka kwenye jengo lililofika kwenye linta, pale juu ya milango na madirisha, akanishikisha tepu ya kupimia, akasema, "Usichore mistari, Kaluki. Chora mahali mama atapita na ndoo ya maji." Hapo ndipo nilipoanza kuelewa.

Mwezi wa sita nikapewa nyumba nzima, ya kwanza kuichora peke yangu. Ni ya Mwingi, kwa jina la mama anayeitwa Kalunde. Sikuwahi kumwona, maagizo nilipewa na Bwana Kiilu. Dirisha la jikoni nililiweka mashariki, apate jua akipika chai ya asubuhi. Nilijivunia sana. Nilimwambia Rashid kwamba siku moja nitakuchorea wewe nyumba kama hiyo.

Jana mwenyewe alikuja kuchukua ramani. Dada, alikuwa Mutie, mume wako. Kalunde ni mke wake, na ni mjamzito. Alinivuta kando akasema, "Shemeji, mambo ya ofisi yabaki ofisini." Nilimwuliza watoto wako watalala chumba gani. Akajibu kwamba nyinyi mmeshazoea Tseikuru. Bwana Kiilu alikuwa akitutazama. Nikampa ramani.

Rashid ameniambia mawe ya msingi yameshamwagwa kwenye ploti, na mafundi wameahidiwa malipo ng'ombe wakiuzwa. Ni wale ambao Mutie alikuambia watauzwa ili anunue lori. Anakuja kuwachukua Jumamosi. Wasitoke bomani. Kaka Mulei, anayekuletea barua hii, nimemweleza yote. Atabaki nawe mpaka Mutie afike.

Leo asubuhi Bwana Kiilu alitaka niongeze veranda kwenye ile ramani. Nimekataa, akaniambia nisirudi kesho. Sasa ninaweza kuchora nyumba, lakini sina pa kuchorea.

Nyumba yenyewe ni nzuri, dada, na hilo ndilo linaloniuma.

Wasalimie watoto, na mama mkwe umwambie wakati unaoona unafaa. Mungu akutie nguvu.

Ni mimi mdogo wako,
Kaluki