Springi za Kumbebea Mkunga

4 Februari

Mwanangu Spana,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, unakula, unalala, na chumba chako cha juu ya duka la viatu hakivuji tena. Sisi hatujambo. Mama yako anazalisha kama kawaida, wiki hii kapokea mapacha mara mbili na anatembea kama mshindi. Mimi nakata vioo, na vidole vyangu vyote vipo.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Simu naiogopa. Nikiongea na simu mtaa mzima unanisikia, na jambo hili sitaki mama yako alisikie. Barua haina sauti.

Jambo lenyewe ni pikapu. Unakumbuka ilivyokuwa ikijikwaruza tumbo kwenye mawe ya kule mlimani wanakojenga nyumba mpya? Mwaka jana nilimpa fundi wa hapa chini aiinue. Akaiinua kweli, inchi nne nzima, na matairi makubwa juu yake. Mwanangu, ni raha! Naona juu ya kuta za watu, najua nani kaanika nini na nani kafuga nini. Wateja wananiita Mnara, nami naitika.

Tatizo ni kwamba inarusha. Kila tuta inatupiga teke. Mama yako alivumilia majuma machache, mgongo ukamshika, akasema basi. Siku hizi anakwenda zahanati na kurudi na mfamasia wao, kwenye kile kigari chake kama kiatu.

Wewe unajua kwamba garini ndiko tunakoongea, tangu hujazaliwa. Nyumbani kuna redio, kuna majirani, kuna usingizi. Mle tuko wawili tu. Ugomvi wetu wote umemalizwa mle, hata jina lako tulilipatia kwenye foleni. Sasa kwenye kiti chake nimeweka sanduku la zana. Nakwambia wazi, nina hamu na mke wangu, na ninalala naye chumba kimoja.

Huko hiyo ndiyo kazi yako, kufunga springi na shokomzoba kwenye magari ya kuinuliwa. Nichagulie. Na usimwambie mama.

Ni mimi baba yako.


15 Februari

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mafua kidogo, na chumba hakivuji. Gereji imejaa. Jana nilimfungia bwana mmoja springi za kupandia milima, na gari lenyewe halijawahi kukanyaga nje ya lami. Analiegesha mbele ya mgahawa, basi.

Nimecheka, halafu nimehuzunika. Wewe na mama bila ile safari yenu siwaelewi.

Ngoja nikueleze. Fundi wako bila shaka alichomeka vipande vya chuma chini ya springi, gari likapanda, akaosha mikono. Shokomzoba kaziacha zilezile fupi. Kazi ya shokomzoba ni kuituliza springi isirukeruke. Sasa gurudumu likishuka shimoni, shokomzoba inavutika mpaka mwisho wake kabla gurudumu halijafika chini, ndipo unasikia lile teke. Ni kama kumtuma mtoto mfupi achukue sufuria kabati la juu. Atafika, lakini na sufuria zote zitashuka naye.

Kwa hiyo zipo njia. Lakini baba, nakuomba usinunue kitu chochote kwanza. Hapa kwetu mteja akiingia hatumuulizi anataka nini, tunamuuliza anabeba nini. Niambie siku ya kawaida pikapu inabeba nini, si siku ile moja ya kujisifia. Na mama ana uzito gani siku hizi? Sema ukweli tu. Mficha uchi hazai, muulize mkunga wako.

Binti yako,
Spana


2 Machi

Mwanangu Spana,

Marahaba. Pole na mafua, kunywa vitu vya moto. Sisi wazima, mama yako anakusalimu bila kujua kwamba nakuandikia. Nilimuuliza tu, "Ungemwandikia Spana ungemwambia nini?" Akasema nikuulize kama unavaa soksi.

Sasa usinikasirikie. Barua yako ilinikuta nimeshafunga.

Nilipita kwa muuza vipuri kuangalia tu, kuangalia hakuna ubaya. Yule kijana ana mdomo mtamu! Akaniambia, "Mzee, kioo ni mzigo mzito na wa hatari, wewe unahitaji hizi." Akanitolea springi ngumu kuliko zote dukani, za watu wanaobeba mawe. Nikaona maneno yake yana akili. Kilicho kigumu si ndicho imara?

Basi sasa hairuki tena kama mbuzi, inaruka kama jiwe. Kioo cha dirisha la sebule ya mwalimu kilipasuka katikati kabla sijamfikia mwalimu. Kofia yangu imepata doa kwa kugonga dari ya gari.

Umeuliza siku ya kawaida. Siku ya kawaida nabeba vioo vichache kwenye fremu yake ya mbao, ngazi, sanduku la zana, na mimi. Nikiandika hivi naona mwenyewe kwamba si mzigo wa kutisha. Kuhusu uzito wa mama yako, kama unataka baba yako aendelee kuishi, uliza swali jingine.

Ni mimi baba yako, mwenye kichwa kinachouma.


11 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo, na pole ya kichwa. Soksi navaa.

Sikukasirikii, ila nitasema. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na asiyesikia la binti huvunja kioo cha mwalimu. Springi ya kubebea mawe inasubiri mawe. Ukiipa vioo vichache na mzee mmoja haioni kama imewekewa kitu, inabaki imekaza shingo, na kila shimo la barabarani linakuja moja kwa moja mgongoni mwako. Laini kwa kiasi chake ndiyo inayolinda kioo. Na ndiyo inayolinda mama.

Fanya hivi. Mrudishie yule kijana springi zake, rudisha za zamani. Kisha pakia mzigo wako wa kawaida, vioo, ngazi, kila kitu. Mama kama haulizwi uzito, basi mkisie: jaza mchanga kwenye gunia, liweke kwenye kiti chake, lifunge mkanda lisianguke. Pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi, magurudumu yote manne. Halafu pita njia ya zahanati, kwenda na kurudi, kwa siku kadhaa, uniambie inapiga wapi na inayumba wapi. Nikipata hivyo nitachagua kama nipo hapo.

Binti yako,
Spana


9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ni ya mwezi uliopita. Najua nimekawia. Nyumbani palikuwa hapasemeki, na sasa panasemeka, ndiyo maana naandika.

Nilifanya kama ulivyosema. Nilimkisia mama yako magunia mawili, moja juu ya jingine. Mchanga ukawa unavuja kitini, nikayavalisha lile koti lake la kazi la bluu, la zamani, nikalifunga vifungo mpaka juu. Nikafunga mkanda. Nikapita njia ya zahanati asubuhi na jioni, taratibu, nikisikiliza. Kwenye kona mzigo ulikuwa unalala upande, nami nauinua kwa mkono mmoja nisije nikamwaga mchanga.

Sikufikiria macho ya watu. Fundi cherehani wa njia panda aliniona siku ya kwanza, akanyamaza. Siku ya pili akaniona nimemshika bega. Siku ya tatu akamwambia mama yako, "Sipendi kuingilia ndoa za watu, lakini yupo mwanamke anakaa kwenye kiti chako. Mnene kidogo, na anamwegemea mumeo."

Lisemwalo lipo. Chakula kikawa kinatua mezani kwa kishindo. Nikiuliza kuna nini, najibiwa hakuna. Juma zima hakuna! Nikajua kuna.

Siku moja mchana nakata kioo, nikamwona anaingia karakana, kwa miguu, na sare yake ya kazi. Hakunisalimu. Akaenda moja kwa moja kwenye pikapu, akavuta mlango, akasimama hapo.

"Huyu ndiye?" akauliza.

"Ndiye."

"Anaitwa nani?"

"Ni wewe," nikasema.

Akageuka taratibu. Akayatazama magunia tena, moja na la pili. "Mimi ndiye nimejaa hivi?"

Mwanangu, nilieleza yote, kuanzia fundi wa chini mpaka barua zako. Nilieleza hata ile hamu niliyokuandikia. Alianza kucheka akiwa amesimama, akamalizia ameketi juu ya ndoo ya silikoni, anajipangusa macho. Nami nikacheka naye.

Halafu akatulia, akaniambia kitu ambacho sikukijua. Mgongo unauma, ndiyo. Lakini kinachomuuma zaidi ni kupanda. Jioni langoni pa zahanati ndugu wa wazazi wamejaa, wale aliowapokelea watoto, na yeye anashika mlango, anatafuta pa kukanyaga, mimi nyuma namsukuma. "Natoka kuzalisha kwa heshima zangu," alisema, "halafu mume wangu ananipakia kama kabati. Hata uniletee springi za sponji, mnara wako sipandi."

Ndiyo hivyo. Vipimo nimeviandika upande wa pili wa karatasi. Kuhusu uzito, anasema toa gunia moja zima, na ukitaka zaidi umpigie mwenyewe.

Ni mimi baba yako.


17 Aprili

Baba na mama,

Shikamooni wote wawili, maana najua sasa mnasoma pamoja. Nilisoma barua hii gerejini wakati wa chai, wenzangu wakadhani nalia. Mama nimempigia. Uzito nimeupata, na siri naitunza.

Baba, vipimo ni safi, hongera. Sasa nakupa njia mbili, na zote zitakwenda vizuri barabarani.

Ya kwanza, tuache inchi zako nne. Nikutumie shokomzoba ndefu zinazofika mwisho pamoja na gurudumu, tupate springi laini, na tufunge ngazi ya kukanyagia pembeni. Teke litaisha. Mnara utabaki. Ila mama atapanda hatua mbili mbele ya watu.

Ya pili, tutoe vile vyuma, tushushe mpaka inchi mbili na matairi ya kawaida, springi za kiasi cha vioo na watu wawili, shokomzoba za urefu huohuo. Mama atakaa tu, kama anavyokaa kitini. Lakini kule mlimani kwenye mawe makubwa hutafika mlangoni. Utaegesha chini na kupandisha vioo kwa mikono, na wewe si kijana. Hilo nalisema kwa sababu nakupenda.

Hapa sikuchagulii. Gari lako, mgongo wako, mke wako. Nijibu upesi nifunge mzigo.

Binti yenu,
Spana


1 Juni

Mwanangu Spana,

Salamu zenye furaha. Mama yako mzima, mimi mzima, na mfamasia anakusalimu, amepata nafasi ya kumbebea mkewe.

Jibu langu la simu lilikuwa fupi, "mbili", kwa sababu lilikuwa limenigharimu siku nzima. Nilikwenda mlimani na pikapu peke yangu, nikasimama juu ya yale mawe yaliyokuwa yakiikwaruza tumbo. Sikugusa hata moja. Nikatazama bonde lote kupitia kioo cha mbele, nikajiambia, Mnara, umefika juu, na huna wa kumwonyesha. Nikageuza.

Kifurushi chako kilifika salama. Springi zile ulizoniandikia nilizipata, tena kwa kijana yuleyule mwenye mdomo mtamu, safari hii nilimwekea barua yako mezani asome. Nilifunga mwenyewe na fundi wa hapa chini, nikimsimamia kama mkwe. Wateja wa mlimani nimewaambia nitafika mpaka njia inapokuwa nyembamba, kisha wanisaidie kubeba. Wawili walinuna, mmoja alikuja na wanawe. Kuta za watu sizioni tena kwa ndani, na nakiri nimepitwa na habari nyingi.

Jana jioni nikaenda kumchukua. Nilikuwa na mambo ya kumsimulia ya miezi na miezi. Fundi cherehani kaja kuomba radhi na kanipunguzia suruali bila malipo. Jirani kauza redio, Mungu mkubwa. Na paa letu, na wewe, na mengine niliyotaka kumuuliza yeye tu.

Akatoka langoni, amechoka, alikuwa na wazazi watatu tangu alfajiri. Watu wamejaa palepale. Akafungua mlango, akaweka mguu, akakaa. Hakuna aliyegeuka kutazama. Akafunga mkanda, akanigonga goti, akasema, "Haya, nipe habari."

Nikawasha gari. Tukavuka tuta la kwanza, pikapu ikashuka na kupanda kama mtu anayevuta pumzi. Nikaanza na la fundi cherehani. Nilipofika kwenye suruali, nikasikia kimya. Kugeuka, mama yako amelala, kichwa kwenye mlango, mdomo wazi kidogo. Njia yote ile ya changarawe, mashimo yote, hakushtuka hata mara moja.

Nilikwenda polepole kuliko nilivyowahi kuendesha maishani. Watu walinipigia honi wakanipita. Tulipofika nyumbani sikuzima injini, nikaogopa kimya kitamwamsha. Nikakaa hapo namtazama, nimeshiba.

Baadaye akafumbua jicho moja.

"Tumefika?"

Mlango wetu ulikuwa mbele yetu, taa inawaka.

"Bado," nikamwambia.

Akalala tena.

Ni mimi baba yako.