Jina Langu Katika Ripoti Yako

Kwa Mama Consorcia,
Barabara ya Kanisani, Talisayon,
Negros.
3 Machi 2024

Mpendwa mdogo wangu Arnulfo,

Hujambo wewe, na mkeo Merlita, na mtoto? Mguu ulioteguka ukicheza ngoma ya sikukuu umepona, au bado unachechemea kama bata? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mpunga wa shamba la chini umeshavunwa, paa la jikoni limezibwa, na yule nguruwe jike uliyempa jina la bosi wako amezaa tisa.

Nimeamua kuandika barua kwa sababu ujumbe wangu wa simu umeusoma na kuuacha, tena si mmoja, saba. Hii anakuletea binamu yetu Jovelyn, anayerudi kazini kwake huko Singapore Jumapili ijayo. Nimemwambia asibanduke mlangoni mpaka uifungue mbele yake.

Arnulfo, umenisaliti. Nimetafuta neno la upole zaidi nimelikosa.

Ulipokuja Januari tulikupokea kama mfalme. Tukachoma nguruwe mzima, majirani wakala mpaka wakalegea. Kisha ukaketi nami kwenye redio yetu ya kuitia wagonjwa msaada, asubuhi kumi na moja, kompyuta magotini, ukiuliza hili na lile. Nami nikafurahi jamani! Nikajisemea, hatimaye mdogo wangu anataka kuijua kazi aliyotuachia baba. Wenzangu wa vituoni ndio waliokushuku. Crispulo, yule wa bodaboda, aliniuliza hewani bila haya, "Dada Doray, huyo bwana anaandika nini kutwa? Asije akatuuza bure." Nikamjibu mbele ya wote, "Ni damu yangu huyo. Mwambieni lolote atakalouliza." Nilikudhamini kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nikakupa hata daftari langu. Miaka kumi na tisa nimeliandika: nyumba ya mjane wa mabata, njia panda ilipokuwa sinema kabla haijaungua, daraja lililochukuliwa na mafuriko ila kila mtu bado analitaja. Watu wetu wakipatwa na shida hawataji namba ya nyumba, wanataja kitu kilichokuwepo enzi za babu zao, na mimi ndiye ninayejua gari la wagonjwa lipelekwe wapi. Ukapiga picha kurasa zote. Ukasema, "Dada, hii ni dhahabu." Nikacheka kama mjinga.

Sasa tuje kwenye lile neno. Ilikuwa siku ya mwisho, tunakula wali wa nazi uliofungwa kwenye majani, na kahawa. Ukaniuliza, kama upepo upitao tu, "Dada, redio ikiondolewa, mtafanyaje?" Nikakujibu, "Watu watazoea. Binadamu anazoea lolote, hata kuzika watoto." Unakumbuka? Ulinitazama ukaweka kikombe chini. Nilidhani umeingiwa na uchungu. Kumbe ulikuwa unapima mahali pa kukata!

Tarehe kumi na sita Februari tuliitwa kwenye baraza la mji. Tulikwenda wote kumi na watano, na fulana zetu za njano, tukajipanga kwenye mabenchi ya nyuma. Katibu akasoma ripoti ya kampuni yako, juu ya mwelekeo wa soko la mawasiliano ya dharura na usafiri. Michoro ilikuwa mizuri, sikatai. Mistari yote inapanda. Mji huu umeacha redio, mji ule umehamia kwenye simu, gari linaonekana kwenye ramani kama sisimizi juu ya mkeka. Tukasikiliza kwa adabu. Kisha akafika ukurasa wa kumi na saba: "Msimamizi wa redio wa Talisayon mwenyewe, Bibi Teodora, anakiri kwamba watu watazoea."

Akaishia hapo. Wali na kahawa ulivibakiza wewe, na wale watoto wa kuzikwa pia.

Arnulfo, vichwa kumi na vinne viligeuka kunitazama. Salvacion mkunga, niliyesimamia ubatizo wa mwanawe, alinyanyuka kimya kimya akahamia benchi la mbele. Diwani mmoja akasema ripoti imetiwa saini na mtaalamu wa Singapore, tena mzaliwa wa hapa, sasa mnabisha nini? Basi, ikapangwa kwamba tarehe ishirini na moja mwezi huu watapiga kura. Ikipita, kile kisanduku cha kule mlimani kinachopokea sauti zetu na kuzirusha ng'ambo ya pili kitang'olewa.

Wewe unajua kisanduku hicho ni nini, ila umejifanya umesahau, nikukumbushe. Kule Kabulihan na vijiji vya nyuma ya mlima simu ni tochi tu. Mtandao haufiki, wala kampuni yako haikuahidi lini utafika. Mwaka jana pekee tumeshusha wagonjwa thelathini na wawili kutoka kule kwa redio na bodaboda, hadi barabarani gari linaposubiri. Mimi siuchukii huo mtambo wenu wa kuita gari kwa simu. Hapa mjini mlipoujaribu umefanya kazi, na mzee wa duka la dawa alipoanguka gari lilifika dakika tisa. Nilipiga makofi. Lakini kwa nini mtu akinunua viatu vipya lazima akatwe miguu?

Nilikupigia siku nne hupokei. Siku ya tano ukaniletea maneno haya: "Dada, usiyaweke moyoni, ni biashara tu. Soko ndilo linaloelekea huko, si mimi." Ebo! Soko! Soko ninalolijua mimi ni la Jumatano, na hata pale muuza samaki akikupunja unajua jina lake na nyumba ya mama yake. Lako halina mtu. Sentensi yangu ilikatwa na soko? Soko ndilo lililokula wali wangu?

Nilimsomea shangazi Pilar maneno hayo jikoni, nikamsimulia na yale ya ripoti, kwa sauti, nikilia. Nilidhani Mama amelala.

Tangu baraza wenzangu waliniitikia kwa ufupi tu, wakingoja nijieleze. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nikaanza kuita vituo kama kila siku. Kituo cha kwanza, uko? Kimya. Cha pili, uko? Kimya. Baba alituwekea desturi ile ili asiyeitika aendewe nyumbani haraka, kwa kuwa atakuwa mgonjwa au amepatwa na jambo. Nikaita vyote kumi na vinne. Nilikuwa nasikia wanabonyeza kitufe na kuachia, tik, tik, ili nijue kwamba wapo, wazima, wananisikia, na hawataki. Sijawahi kutukanwa hivyo maishani. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakuniambia kwamba ukishaliwa watu watadhani umejila mwenyewe.

Siku tatu ikawa hivyo hivyo. Mama, ambaye husikiliza kuitana kwetu akiwa kitandani nyuma ya pazia, aliniuliza, "Mbona leo hawajibu?" Nikamdanganya kwamba betri ni dhaifu. Ningemwambia nini? Kusafisha jina langu ilibidi niseme hewani, milima yote isikie, kwamba Arnulfo ni mwongo. Na Mama ana picha yako ya kuhitimu karibu na Bikira Maria. Kila anayekuja kumpima presha lazima kwanza asikie habari za mwanawe wa Singapore. Nikaona heri nionekane mimi msaliti.

Siku ya nne nimefika kituo cha tano, pazia likafunguka. Mama kasimama, na magoti yale, na fimbo. Akaninyang'anya kipaza sauti. Maisha yake yote hajawahi kukigusa, alikishika kichwa chini miguu juu, nikamgeuzia. Akasema, na nakuandikia kama alivyosema:

"Mnanisikia? Mimi Consorcia. Huyu Doray hajawauza. Hajui kudanganya, juzi kanidanganya habari ya betri uso ukamshitaki. Aliyedanganya ni Arnulfo. Alimkata dada yake maneno katikati akayauza. Arnulfo ni wangu, nimemzaa mimi, na nasema mimi, asije mtu akamsemea. Haya, itikeni. Mwaache binti yangu afanye kazi."

Tik. Tik. Kisha Herminio wa Kabulihan: "Kituo cha nane, niko, Mama." Halafu Salvacion, analia. Halafu wengine. Kumi na mmoja waliitika asubuhi ile. Watatu hawajaitika mpaka leo, Crispulo mmojawapo. Siwalaumu. Walinionya nami nikawatolea damu kama hati ya dhamana.

Baada ya pale Mama alirudi kitandani. Hakulia. Alimwita shangazi Pilar akamwomba ashushe picha yako, akasema vumbi limezidi. Iko kabatini, imefungwa kwenye kanga yake ya kanisani.

Nisikilize sasa, mdogo wangu. Sitaki chokoleti wala pole. Baraza halitanisikiliza mimi, wameshasema mtaalamu ni wewe. Waandikie wewe, kwa jina lako na saini ile ile, kwamba dada yako alisema maneno yote, mpaka neno la mwisho, na kwamba mlimani redio ibaki hata mtambo ukija. Mpe Jovelyn barua hiyo aitume kwa haraka, ifike kabla ya tarehe ishirini na moja. Kazi yako unaweza kuipoteza, najua, na una mtoto. Herminio naye ana watoto wanne, na mkewe anatarajia wa tano mwezi wa nne, juu kule.

Sasa salamu za jamaa. Shangazi Pilar anakusalimu, anasema ule vizuri. Salvacion anakusalimu kwa shingo upande. Herminio hana kinyongo, anauliza mguu wako. Watoto wa jirani wanauliza utarudi lini na ile kompyuta. Mbusu mtoto kwa ajili yangu, mpe Merlita mkono. Mungu akulinde njiani na kazini, na akupe usingizi ambao hutaupata mpaka uwe umeandika.

Mama nimemwuliza mara mbili leo, kabla sijafunga bahasha, kama ana salamu zake kwako. Mara ya kwanza alijifanya hasikii. Mara ya pili akaniambia nimfungie dirisha.

Wako akupendaye, hata hivi,

Dada yako Teodora