Mbwa wa Baba Mkwe Hanuki Tena

Kwihara, Jumamosi

Hanuki! Nimemnusa mwenyewe masikioni, tumboni, mpaka chini ya mkia, na hanuki.

Asubuhi Karani, mbwa wa baba mkwe, alirudi kutoka porini akiwa amejigaragaza kwenye mzoga wa ngiri. Baba mkwe hasemi nami ana kwa ana, ndiyo heshima ya ukwe kwetu, kwa hiyo alimtuma mama mkwe aniambie kwamba usiku huu mbwa afungwe nje ya ua. Nje ya ua! Na juzi tu fisi wamembeba mbwa wa jirani.

Sabuni haionekani madukani tangu vita vianze. Nikachoma mabua ya mtama, nikachuja maji kwenye majivu yake kama ninavyofanya nikitaka kunde zilainike, nikamsugua kwa gunzi. Bado ananuka. Mara ya pili alinichoropoka, akaenda kujipaka vumbi lote la uani. Mara ya tatu nikamkalia. Mikono inaniwasha mpaka sasa, sijui kesho kanisani nitashikaje kitabu.

Jioni Karani akampitia baba mkwe pale alipoketi. Mimi niko nyuma ya mlango. Mzee akamnusa. Akamnusa tena. Kisha akamwambia mbwa, kwa sauti ya kunifikia mimi:

"Karani, mwambie aliyekuosha kwamba mwanangu ameoa kweli."

Mwaka mzima nimelingoja neno hilo. Nami nikapaza sauti:

"Karani, mwambie baba nimesikia."